Nyuma ya Nguzo

"Usijipulize manukato," mdogo wake alimwonya. "Atakunusa kabla hujakaa."

Fundi cherehani akakirudisha kichupa mezani. Tangu asubuhi dada hao wawili walikuwa wamejifungia chumba cha kushonea, wakipanga safari ya jumba la maonyesho kama watu wanaopanga vita.

Mdogo mtu aliwahi kuajiriwa kukatia watu tiketi pale, na jumba lile la kale alilijua kama kiganja chake. Kwa chaki ya kukatia nguo akalichora juu ya kitambaa cheusi: jukwaa hapa, roshani pale, na nguzo nene za mawe zilizosimama humo tangu enzi za mababu.

"Kaa safu ya nyuma, nyuma ya nguzo hii. Utawaona, wao hawatakuona. Wakiinuka, njia ya kutokea upande huu ni moja tu. Hapo hana pa kukwepea."

"Una hakika ni yeye uliyemwona?"

"Dada, shemeji yangu nimfananishe? Jumamosi mbili mfululizo. Kamshika binti mkono, wanapanda ngazi polepole kama maharusi. Binti mbichi, wa kumzaa."

Fundi akaitazama ile nguzo ya chaki. Miezi kadhaa sasa mumewe hakuwa akimtazama. Juzi alisuka nywele upya, mtindo ambao hata jirani asiyempenda alisimama kuusifu. Mume alikula, akanywa maji, akaenda kulala bila neno. Gari aliliuza, eti foleni zinamchosha. Gazeti hagusi, eti habari ni zilezile. Akiulizwa ana nini, hucheka tu: "Uzee huo, mama watoto."

"Wanaume wakizeeka hurudia michezo," mdogo wake alisema. "Wa kwako kaufuata mjini."

Mara mlango ukafunguka. Mume alisimama kizingitini, shati limenyooshwa pasi, kiatu kinang'aa. Dada wale wakaganda. Ile ramani ya chaki ilikuwa wazi mezani, mbele ya macho yake.

"Mama watoto, nakwenda kunyoosha miguu."

"Nenda salama, baba," alijibu mkewe.

Mume akaondoka. Ramani hata hakuitupia jicho.

"Moyo wake hauko hapa tena," mdogo mtu alinong'ona. "Vaa gauni langu hili. Haya, nenda."

Ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu na viti vya mahameli iliyochakaa. Fundi alijibanza nyuma ya nguzo, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Hakuwatafuta sana. Walikuwa safu chache mbele, vichwa vimegusana.

Pazia likafunguliwa. Waigizaji wakaingia, wakagombana, wakapatana. Yeye hakuona hata mmoja wao. Aliona midomo ya yule binti, haiachi sikio la mumewe. Binti ananong'ona, mume anaitikia kwa kichwa. Watu wakiangua kicheko, binti anamnong'oneza kitu, ndipo naye anacheka, baada ya wenzake. Kumbe hata mchezo wenyewe hawaufuati! Miaka yote ya ndoa, hakumbuki lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo. Alilishika pindo la gauni, akalikunja hadi likaanza kufumuka.

Makofi yakalia. Taa zikawaka zote.

Fundi aliinuka upesi, akavua mtandio, akasimama katikati ya ile njia moja. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa mengi, makali, mengine ya aibu.

Wakaja. Mume kamshika binti mkono vilevile. Alifika hatua moja mbele ya mkewe, uso kwa uso, chini ya taa kali. Fundi akainua kidevu, akangoja. Na ashtuke sasa. Na adanganye. Na aanguke magotini mbele ya watu.

Binti ndiye aliyesita. "Simama, mzee," alisema taratibu. "Kuna mama mbele yetu, na ngazi inaanzia kwenye mguu wako wa kulia."

Mume akasimama. Akamwelekezea mkewe macho yaliyo wazi, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Samahani sana, dada yangu," alisema. "Tupishe kidogo, nisije nikakukanyaga."