Leo Usimkatize Mtu

Kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Mama alikitazama jinsi anavyomtazama mtu aliyekuja kutembea na haagi.

Kompyuta ilikuwa ya mezani, nzee, nzito kama jiwe la kusagia. Usiku ilikuwa imejisasisha yenyewe bila kuomba ruhusa, na tangu alfajiri ilikuwa inaonyesha nembo, kiduara, basi. Na mahojiano ya kazi yalikuwa saa nne, kwa njia ya hiyo hiyo kompyuta, maana simu ya mama ni ya vitufe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu za wateja waliokwama na kuwasaidia. Aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote tangu mtoto wa mwisho aanze shule.

"Fundi amesema atapiga," alisema binti yake, akimnyooshea kola. "Na mama, tafadhali. Leo usimkatize mtu maneno."

"Mimi namkatiza nani?"

"Watu wo..."

"Hebu niache."

Simu ikalia. Namba ngeni. Mama akaidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Habari za asubuhi, mama," ilisema sauti ya kiume, ya upole, yenye wasiwasi kidogo. "Nakupigia kuhusu..."

"Kompyuta. Najua. Umechelewa, kaka."

"Niwie radhi. Umejuaje kama ni kompyuta?"

"Asubuhi hii kuna lingine? Ni ya zamani, imejisasisha usiku, sasa ukiiwasha inaleta nembo na kiduara kinazunguka mpaka kichwa kinakuuma."

"Hivyo hivyo," sauti ilisema kwa mshangao. "Yaani hivyo hivyo kabisa."

"Basi tuanze, muda hatuna."

"Sawa. Nifanye nini?"

Mama aliitoa simu sikioni akaiangalia. Fundi gani anamuuliza mteja afanye nini?

"Labda bado anajifunza," binti alinong'ona.

Haya, kama anajifunza atafundishwa. Mama ameshalea wanne, wa tano hamshindi.

"Kuzima na kuwasha tumeshamaliza," alisema.

"Tumemaliza," sauti ilikubali kwa huzuni.

"Sasa sikiliza. Mtoto akilia na hasemi kinachomuuma, unafanyaje? Unamvua. Kofia, soksi, kila kitu, mpaka ukione kinachombana. Chomoa vyote vilivyochomekwa. Bakiza umeme, skrini, kibodi na kipanya."

"Vyote, mama?"

"Nimesema bakiza vinne. Hivyo vingine vyote."

Mama mwenyewe alipiga magoti na gauni lake la mahojiano, akaanza kuvuta waya. Kwenye simu alisikia kiti kikiburuzwa, kitu kikianguka, kisha mtu akapiga chafya.

"Uko wapi wewe?"

"Chini ya meza. Kuna vumbi huku, na buibui."

Kumbe yuko kwa mteja mwingine wakati huo huo. Mafundi ndio walivyo.

"Buibui hali watu. Chomoa."

"Na printa? Hii ni ya bosi. Nikiichomoa atanuna."

"Bosi wako anajua kuiwasha hii kompyuta?"

"Hajui."

"Basi anune."

Sauti ikacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa anakitafuta tangu asubuhi. Binti alikuwa ameketi sakafuni, amejiziba mdomo kwa kola ya shati lake mwenyewe.

"Umemaliza? Bonyeza kitufe cha kuwashia, ushikilie mpaka ife kabisa. Usiionee huruma. Halafu iwashe."

Alifanya hivyo hivyo na yake. Nembo. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Kisha ikatokea picha ya familia nzima, mume wake amefumba macho kama kawaida.

"Imewaka," alisema mama.

"Imewaka," alipaza sauti yule kwenye simu, na nyuma yake zikasikika sauti nyingine zikishangilia na mtu akipiga meza. Mama akampenda. Anafurahi kama vile kompyuta ni yake.

Binti alimshika mikono, wakazunguka chumba kizima mpaka wakagonga kabati. Simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio.

"Mama, umetuokoa. Sijui ningefanya nini."

"Na mimi sijui. Ujifunze kazi yako, kaka. Si kila mtu ana moyo kama wangu."

"Nimekusikia, mama. Haya, tutaonana sasa hivi."

"Usijisumbue kuja, imeshapona," alisema, akakata.

Alikung'uta magoti. Binti alimtoa utando begani, akamchomekea kamera na waya wa intaneti, akarudi nyuma kumtazama. "Umependeza. Na kumbuka nilichokuambia."

"Leo nimemkatiza nani?"

Simu ikalia tena.

"Mama, ni mimi fundi," ilisema sauti nzito, yenye usingizi. "Samahani, ndiyo kwanza nafungua duka. Ile kompyuta inasumbuaje?"

"Kama fundi ni wewe," alisema mama, "yule alikuwa nani?" Kompyuta ikaanza kuita. Binti ndiye aliyenyoosha mkono akabonyeza.

Skrini ikajaa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Wa katikati alikuwa na tai iliyopinda, vumbi kwenye nyusi, na uzi wa buibui ukining'inia sikioni.

"Habari za asubuhi tena, mama," alisema kwa ile sauti ya upole. "Nilipiga kuahirisha mahojiano, hukuniacha nimalize. Bosi ndiye huyu hapa pembeni yangu, amenuna, na ana maswali mawili tu: printa yake tuirudishe lini, na wewe unaweza kuanza lini?"