Firigisi na Mfumo wa Tovuti

Siku hizi kila nyumba ina tovuti yake. Yaliyoandikwa humo ndiyo sheria, na asiyeandikwa humo mlango haumfungukii. Jana tulichagua mfumo mpya wa kuisimamia. Baba alitaka ule unaomruhusu yeye peke yake kuhariri. Nikasimama kama kiranja mkuu, nikahutubia juu ya usawa.

"Bweni limekuharibu wewe," alisema Baba. Lakini Mama na mdogo wangu Zawena waliniunga mkono, tukachukua mfumo ambao kila mtu anahariri.

Leo nimeandika kwamba firigisi ya kuku si ya baba tena, ni yangu. Baba akasoma, akameza mate, akanisogezea sahani. Niliitafuna taratibu, kwa heshima zote.

"Kaka," akauliza Zawena, "kufuta jina la mtu unabonyeza wapi?"