Darasa la Damu Moja

Profesa alimzuia mwanawe wa pili asikae.

"Wewe simama hapo mlangoni," alimwambia. "Usije ukazoea kiti ambacho huenda si chako."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na mitano, fundi magari, mkono wa kushoto umefungwa bendeji tangu kiganjani hadi kiwikoni. Wiki iliyotangulia jeki ilikuwa imeteleza gereji, chuma kikamchana, akapoteza damu nyingi. Alisimama pale pale mlangoni. Mkewe akasimama naye.

Waliobaki walikaa sebuleni wakiutazama ubao. Ubao huo ndio aliopewa Profesa siku ya kustaafu. Chuo kilikuwa kidogo, na kwa kuwa ubao ulikuwa njiani kwenda kutupwa, wakaona afadhali utupwe kwa heshima. Hata uprofesa wenyewe alibandikwa na wanafunzi kwa utani, chuo kikaona haya kuukanusha. Miaka thelathini na minane alifundisha biolojia katika maabara yenye darubini tatu, moja ikiona. Alipostaafu akakosa wa kumfundisha, akaigeukia familia.

"Tuanze," alisema, chaki mkononi. "Kanuni ni mbili, hata mtoto wa chekechea anazimudu. Mzazi wa kundi O hazai mtoto wa AB. Mzazi wa AB hazai mtoto wa O. Kuna swali?"

Hapakuwa na swali.

"Mimi ni O. Nilijipima kwa mikono yangu mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, mbele ya darasa. Na huyu," akaielekeza chaki mlangoni, "kadi yake ya hospitali nimeisoma. AB."

Mke wa Profesa, mshonaji, alikuwa akitia vifungo kwenye gauni la mteja. Hakuinua kichwa.

"Unataka kusema nini, baba watoto?"

"Nataka kusema kwamba nimelea mtoto wa mtu."

Kifunguamimba alitikisa kichwa kwa masikitiko, masikitiko ya mtu ambaye mambo yanamwendea vizuri. Huyo ndiye aliyekuwa fahari ya Profesa: karani mkuu wa ofisi ya bima, mwendo wa baba, kikohozi cha baba, ubishi wa baba. Siku ya ajali alitoa damu hospitalini kumwokoa mdogo wake, na ilipoonekana ni O, Profesa alimtangazia kila mtu hadi mlinzi wa getini. "Nakala halisi," alikuwa akisema. Sasa alimsimamisha kando yake ili darasa lilinganishe.

"Mzee akisema ni sayansi, ni sayansi," kifunguamimba alisema. "Kila mtu ajue nafasi yake. Hata kiwanja, siku ya kugawanywa, kigawanywe kwa wenye damu."

"Baba," fundi alisema kwa sauti ya chini, "jana tu nimekufungia breki kwa mkono mmoja."

"Breki hazirithiwi," Profesa alijibu.

Hapo Mama akaishusha sindano mapajani.

"Umemaliza? Aliyesimama pale mlangoni ni wako. Kwa huyu, naapa popote utakaponipeleka."

"Sayansi haina viapo, mama watoto."

"Basi haina woga wa kupimwa," alisema mke wa fundi. Alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, na mumewe alikuwa amekwisha kumdokeza kikao kilihusu nini, ndiyo maana alikuja na mkoba wake wa kazi. "Baba, naomba kidole."

Profesa akampa kidole kama mtu anayempa mtoto pipi ili anyamaze. Mkamwana akadondosha matone mawili ya damu kwenye kigae cheupe, moja akalitia dawa ya A, la pili dawa ya B. Dakika haikwisha. Yote mawili yakafanya chengachenga, kama maziwa yaliyochacha.

"AB, Baba."

"Rudia."

Akarudia. AB.

"Haiwezekani," Profesa alisema. "Pale chuoni, mimi na kila mwanafunzi niliyempima tulikuwa O. Darasa zima, mwaka baada ya mwaka. Nimeandika hadi makala kuhusu jambo hilo."

"Dawa za kupimia mlikuwa mkiziweka wapi?"

"Dirishani. Penye jua, ili maandishi yasomeke vizuri."

"Jua huiua dawa, Baba, na dawa iliyokufa humwonyesha kila mtu kuwa O." Mkamwana alijitahidi asicheke, lakini fundi ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka hadi akaushika mkono wake mbovu. Mama naye akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, kisha akairudia sindano yake.

Kuomba radhi hakukuwamo katika mtaala wa Profesa. "Sayansi hujisahihisha," alisema, akavuta kiti mwenyewe hadi mlangoni. "Kaa, mwanangu. AB mwenzangu." Akakohoa kidogo. Kisha akaurudia ubao, akaifuta ile O iliyokuwa kando ya neno "Baba", akaandika AB kubwa iliyotosha kusomwa na jirani. Tangu azaliwe hakuwahi kufurahia kukosea kiasi kile.

Kifunguamimba tu ndiye hakucheka. Alikuwa bado amesimama pale pale alipowekwa, macho yake yameganda kwenye ile kanuni ya pili.

"Shemeji," alisema taratibu. "Zile dawa mlizonipimia mimi siku ya ajali, nazo zilikuwa zimekaa juani?"

Sindano ya Mama ikasimama.

"Hapana, shemeji," mkamwana akamjibu akikusanya vifaa vyake. "Zile zilikuwa mpya kabisa. Nilizifungua mimi mwenyewe asubuhi ile."