Jina la Jukwaani

Mechi ilikuwa haijaanza, na jukwaani mashabiki wa chuo walikuwa wakigombania jina jipya la timu yao. Wengine walitaka Radi, wengine Chui. Walichokubaliana wote ni kwamba jina la sasa, Nyundo, liondoke.

"Jina la marehemu lina mkosi," alisema Mwita, kiongozi wa ushangiliaji, ngoma yake ikiwa mapajani. "Msimu mzima tunafungwa tu. Na huyo Nyundo mwenyewe, nani hapa aliwahi kumwona akicheza?"

Kwenye benchi la nyuma kabisa alikaa Bi Zamoyoni. Jina hilo ni yeye aliyempa mwanawe, kwa jinsi alivyokuwa akigonga mlango kila akirudi kutoka shule. Nyumbani halitajwi tena. Mumewe hataki kulisikia. Ndiyo maana kila Jumamosi huja hapa, asikie uwanja mzima ukimwita mwanawe.

"Haya, wanaotaka Nyundo libaki, mikono juu!"

Bi Zamoyoni akanyoosha mkono. Mbele yake watu walikuwa wamesimama.

"Hakuna," alisema Mwita. "Basi ni Radi, tumemaliza."

Msichana aliyekaa kando ya Bi Zamoyoni akamgusa bega. "Shusha mkono, mama. Imeshapita hiyo."

Ngoma ikalia. "Sisi ni nani?" akapaza sauti Mwita.

"Radi!" jukwaa zima likaitikia.

Bi Zamoyoni akashusha mkono, akakunja ngumi, akaanza kugonga ubao wa benchi, kwa nguvu, kama mtoto aliyerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa.