Vidole vya Balozi

Siku hizi watekaji nao ni wasomaji wazuri wa magazeti. Mateka akishuka kutoka ukurasa wa kwanza, jioni hiyohiyo anakatwa kidole. Balozi Lugendo, aliyetekwa ugenini, amebakiwa na saba.

Mhariri Kisanga alimpigia simu Mashavu, mke wa balozi.

"Shemeji, kesho ni fainali ya kombe. Machozi yako wasomaji wameshayazoea."

"Jana si nilivunja kabati zima la vyombo, Kisanga?"

"Walipenda mno! Ila vyombo ndio vimekwisha."

Mashavu akaweka kiganja chake juu ya ubao wa kukatia nyama.

"Mlete mpiga picha. Kisu nimeshakinoa."

Kisanga akauliza, kwa adabu zote, kama shemeji angeweza kusubiri hadi saa kumi, jua lilegee, picha itoke vizuri.