Sauti ya Grenda

Sheria ilitaka kila grenda, mashine ya kukatia chuma, ionye watumiaji kwa sauti ya fundi wa mwisho aliyeuawa na grenda. Ndiyo maana kila asubuhi, karakana ya jirani ilipofunguliwa, Mwasiti alimsikia marehemu mumewe, Shebughe, akisema kupitia ukutani: "Vaa miwani. Usiondoe kinga ya diski. Mimi niliiondoa mwenyewe. Kosa ni langu."

Shebughe hakuiondoa. Kinga ilivunjika kiwandani, akaomba nyingine wiki tatu mfululizo, msimamizi akamwambia avumilie. Mwasiti alikwenda kulalamika katika ofisi ya usalama kazini. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa ule upole wa kukera, "Sauti ni yake, mama. Maneno ni ya ofisi."

Binti yao, Zaituni, alikuwa bado tumboni baba yake alipofariki. Sasa ana miaka mitano, na kila asubuhi hubandika sikio ukutani. "Baba ameamka," husema. Mwasiti hana moyo wa kumkataza, maana sauti nyingine ya baba hana ya kumpa.

Jana, Mwasiti akiosha vyombo, kikombe kilimponyoka kikapasuka sakafuni. Zaituni alikuwa mlangoni, mbali kabisa. Aliacha kucheza, akanyoosha mgongo.

"Niliiondoa mwenyewe," alisema, kwa mkwaruzo uleule wa baba yake. "Kosa ni langu."

Mwasiti alibaki ameinama, vigae mkononi. "Kosa gani, mwanangu?"

Mtoto alifikiri kidogo.

"Sijui. Si ndivyo tunavyosema?"