Bado Mmoja

Sikuzani alikuwa anakimbia, mwanamke mzima na magoti yake mabovu, kanga ya kichwani imedondoka huko nyuma wala hakurudi kuiokota. Watu wa Mkuza walimshangaa. Washangae tu! Mwanawe anataka kumalizwa mchana kweupe, aone aibu ya nini?

Adhuhuri ile Rama alikuwa amekuja nyumbani, jasho linamchuruzika. Ugali akausukuma pembeni.

"Mama, leo sijui kama nitapona," alisema. "Mkubwa wa kituo anataka watu kumi wa uzururaji kila Alhamisi. Wameshapatikana tisa. Bado mmoja, na jioni difenda ya kituo inapita kijiweni kwa kina Hashiru."

"Basi usiende huko, baba. Kaa ndani."

"Nisipoonekana ndiyo mbaya zaidi. Keshanitaja kwa jina mbele za watu." Akanawa uso, akatoka.

Tangu hapo moyo wa Sikuzani haukukaa mahali pake. Uzururaji! Alhamisi iliyopita walimzoa Jabiri, mtoto wa jirani yake Zuleha, na mwiko wake wa uashi mkononi, anatoka kujenga nyumba ya watu. Uzururaji gani huo, jamani? Jumamosi akatoka mahabusu anachechemea. Mpaka leo Sikuzani akimsalimu Zuleha, Zuleha anageuza uso.

Alifika kijiweni anahema. Vijana wanne walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, wakisubiri mtu wa kuwaita kibarua.

"Shikamoo, mama Rama," alisema Hashiru.

"Marahaba. Inukeni haraka, difenda inakuja!"

Hashiru alimtazama. "Rama anajua kama uko hapa?"

"Hajui. Ondokeni, wanangu, nawaomba! Mama zenu wamelia vya kutosha."

Akisema mama Rama, nani abishe? Walitimka kila mtu na njia yake, vizibo vikatawanyika, kandambili moja ikabaki mchangani.

Sikuzani akabaki peke yake. Mahabusu alikuwa akiisikia tu kwa watu: giza, ndoo moja, watu wanalala wamekaa. Kila akifumba macho alimwona Jabiri anavyochechemea. Alitamani naye akimbie, lakini Rama je? Rama ndiye mtoto pekee aliyejaliwa kumpata. Akajikaza, akaketi kwenye benchi la vijana.

Ngurumo ikasikika kutoka barabara kubwa. Ee Mungu wangu! Difenda ilikata kona, ikafunga breki mbele yake, vumbi likamjaa mdomoni. Nyuma kulikuwa na watu wamebanana sakafuni, vichwa chini.

Askari mmoja aliruka, kirungu mkononi, akaja mbio. Aliangalia vizibo, akaangalia kandambili. Halafu akamwona aliyekaa pale, na kirungu kikamponyoka.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nazurura," alisema Sikuzani, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipandishe, Rama, wasije wakakufukuza kazi."